Kondakta Ndani ya Chupa ya Gundi

Tarehe 3 Februari

Kibanio wangu,

Mimi mzima, natumaini nanyi wawili hamjambo.

Duka la modeli, zile treni na vigari vya plastiki vya kuunganisha, limefungwa. Si kufungwa kwa chakula cha mchana, limefungwa kabisa, na mlangoni sasa amekaa mama anauza mashuka. Nilifika na chupa yangu tupu ya gundi mkononi, mama yule akanitazama akadhani nimekuja kuomba mafuta ya taa. Nikatembea hadi lile duka kubwa la mjini. Gundi wanayo, kichupa cha ukubwa wa kidole, na bei yake ukiisikia utaomba kiti. Nimewaachia wenyewe. Kuanzia leo tunatengeneza yetu, na wewe utatengeneza yako huko, maana najua nayo iko ukingoni.

Kwanza uelewe: gundi ya modeli haigandishi, inayeyusha. Inalainisha pande zote mbili za plastiki, zinaingiana, kisha dawa inapaa na kuacha kitu kimoja. Kwa hiyo tunachohitaji ni dawa ya kuyeyushia, na plastiki kidogo ndani yake ya kuipa uzito. Dawa unayo hapo hapo. Mumeo ni fundi wa rangi za magari, thina anaoga nayo. Mwombe kidogo, tena ile safi ya kuchanganyia rangi, si ile chafu ya kuoshea brashi. Plastiki nayo unayo: zile fremu, mifupa inayobaki ukishakata vipande vya modeli. Zikate ndogo kama punje za mchele, jaza robo ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati, mimina thina hadi zizame, funga, acha mpaka kesho yake. Ukikoroga ikawa kama asali, hiyo ni ya kuziba nyufa. Ukiongeza thina ikawa nyepesi kama maziwa, hiyo ni ya kuunganishia. Madirisha yawe wazi, na usikaribie jiko.

Ukimaliza nitumie kiungo cha majaribio, yaani vipande viwili vya fremu ulivyoviunganisha. Nitakivunja kwa mikono yangu. Kikiachia pale pale penye gundi, umefeli. Kikivunjika pembeni, gundi ni nzuri.

Kichwa cha treni nimekimaliza. Kimekaa mezani kinangoja mabehewa yako.

Baba yako


Mezani jikoni, tarehe 11 Februari

Mke wangu,

Nakuandikia kwa sababu nikitoka kwenda gereji wewe bado umelala, na nikirudi umezama kwenye mapazia ya watu na cherehani inapiga kelele.

Leo nilikuwa natafuta kiatu chini ya kitanda, nikakuta maboksi ya mabehewa uliyotumiwa na mzee. Yote. Hata nailoni haijatolewa. Barua yake pia nimeisoma, uliiacha wazi. Sasa jamani, anangoja mabehewa gani? Mimi baba yako hata kumpa mkono naogopa. Siku akijua hakuna behewa hata moja, atasema ni mimi. Mkwe ndiye wa kwanza kulaumiwa, wewe huoni?

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu. Usilale na njaa.

Mimi


Mezani jikoni, tarehe 12 Februari

Mume wangu,

Usinisute. Sikiliza.

Mama alipotutoka nilikuwa mdogo, na nyumba ikawa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani. Baba si msemaji. Ukimkalisha uso kwa uso na mtu anaanza kutazama mlango. Lakini mpe kipande cha plastiki ashike, kichwa kikiinama tu, mdomo unafunguka. Kazi yangu ilikuwa kubana vipande viwili hadi vishike, ndiyo maana akaniita Kibanio. Mimi nabana, yeye anaongea: wateja wake wa meno bandia, utoto wake, vituko vya karakana. Nilichokuwa nakipenda ni hicho. Hapa peke yangu nikifungua boksi sioni chochote zaidi ya plastiki.

Tangu tuoane barua zake zote ni plastiki. Nikimwambia nimeacha, ataniandikia nini? Ataacha kuandika, namjua. Bora nimdanganye kidogo kuliko kumkosa.

Nitayaunganisha siku moja. Wewe yarudishe chini ya kitanda.

Asante kwa chakula. Chumvi ilikuwa nyingi.

Mimi


Tarehe 2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Unakula vizuri? Yule jirani wa redio amepunguza sauti au bado mnasikiliza taarifa ya habari nyumba nzima?

Gundi imepatikana, baada ya vituko. Mara ya kwanza nilichanganya kwenye kikombe cha mtindi. Kikombe kikaanza kulegea chini, na kabla sijapata kitambaa mchuzi wote ukawa kwenye meza ya chakula. Sasa meza ina kidonda cha ukubwa wa sahani, nimekifunika kwa kitambaa cha maua. Mara ya pili nilitumia chupa ya kioo kama ulivyosema. Fremu zilikuwa chache, nikaongeza na masalio mengine, hata vile vitu vidogo vyenye vichwa vinavyoning'inia pembeni ya fremu. Ikawa asali kweli kweli.

Nina maswali. Gundi nzito, mbona kiungo kinabonyea kikikauka? Je, nikikiacha juma zima kabla ya kupiga msasa itasaidia? Na kwa ukingo mrefu kama wa paa la behewa, thina ipi ni bora, ya kukauka haraka au ya polepole? Ya haraka inakauka kabla sijafika mwisho wa paa, inaniudhi sana. Na fremu ikiwa ya rangi tofauti na behewa, mstari utaonekana juu ya rangi?

Nakutumia kiungo cha majaribio na behewa la kwanza.

Goti, baba. Usisahau kunijibu la goti.

Kibanio


Tarehe 13 Machi

Mkwe wangu,

Sijawahi kukuandikia, na sijui mtu huanzaje kumwandikia mkwe, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Kiungo nimekivunja. Kimevunjika pembeni. Gundi hiyo sina neno nayo. Behewa nalo limenyooka, madirisha yamekaa sawa. Lakini juu ya paa kuna alama ya kidole gumba, mtu ameshika plastiki kabla haijakauka. Mimi nimetengeneza meno bandia maisha yangu yote. Kazi yangu ilikuwa kutazama alama kwenye vitu laini na kujua ni za nani. Gumba hilo ni pana kama kijiko cha supu. Si la binti yangu.

Tena, vile "vitu vidogo vyenye vichwa" ni kondakta na abiria wake. Binti yangu alikuwa hakubali tufunge paa la behewa lolote kabla kondakta hajaketi. Siku kondakta mmoja alipopotea chini ya kabati, tulihamisha kabati. Mtu huyo hawezi kumchukua kondakta, akamtia kwenye thina, akamkoroga.

Sasa nakuuliza na unijibu bila kuzunguka. Umemkataza? Wapo wanaume wakishaoa wanataka mke asibaki na chochote cha kwao. Kama unaona ni michezo ya kitoto, sema. Kama hutaki harufu nyumbani mwako, sema. Kama una mkono wa birika hata kwa thina ya gereji, sema pia. Lakini usimfanye aniandikie uongo. Hajawahi kunidanganya.

Nisipopata jibu nitapanda basi, mimi na hili goti langu, nije niulize mwenyewe.

Baba mkwe wako


Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikanywa maji nikaisoma tena.

Gumba ni langu. Kikombe cha mtindi ni changu, na kidonda cha meza ni changu, ingawa nimetangaziwa kwamba meza nyingine nitainunua mimi na nitaibeba mimi. Kondakta nimemyeyusha mimi. Baba, sikujua ni mtu. Alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye kona ya fremu, nikadhani ni mabaki. Mke wangu alikuwa anaandika yale ninayomtajia huku anapinda pazia la mteja, hakusikiliza hata kidogo. Alipokuja kushtuka kwamba nimesema "vyenye vichwa," barua ilikuwa imeshaondoka. Aliuliza, "Vilikuwa na kofia?" Nikasema ndiyo, kimoja kilikuwa na kofia. Alininunia mpaka siku ya pili. Kama inakupa faraja, kondakta yumo katika kila kiungo cha behewa lile, na abiria wake wote wamo pamoja naye.

Kumkataza, sijamkataza. Niseme ukweli ulivyo. Maboksi yalikuwa yamekaa tu, nikafungua moja ili nimpunguzie mzigo. Moja tu, nilijiambia. Baba, nisikufiche, nimenogewa. Kutwa nzima nashika mashine ya kupulizia nikipaka milango ya magari ya watu, mmoja anataka leo, mwingine anataka jana. Jioni nikipaka mstari wa dirisha mwembamba kama unywele, kichwa kinatulia. Gereji wananiita Stesheni Masta. Hata sijali. Yale maswali ya thina yalikuwa yangu yote, na majibu yake nayangoja mpaka leo, sina aibu.

Kwa nini yeye hakuyafungua, hilo ni lake kusema. Mimi nikilisema nitakuwa nimemvunjia heshima, na wewe pia. Barua yako nimempa. Ameishika tangu alasiri.

Nisamehe kwa kondakta.

Mkwe wako


Tarehe 20 Machi

Baba,

Shikamoo.

Mume wangu hajanikataza kitu. Huyo hata paka akimkuta amelalia shati lake anatafuta shati lingine. Uongo ni wangu mimi, naye aliingia humo kwa huruma tu.

Maboksi sikuyafungua kwa sababu sipendi kuunganisha modeli. Sikuwahi kupenda, hata nilipokuwa mtoto. Vidole vilinata na harufu iliniumiza kichwa. Nilichokuwa napenda ni wewe. Ulikuwa ukiinama juu ya kipande unaanza kuongea bila kujua kwamba unaongea, na mimi nabana kimya, naogopa gundi isije ikashika upesi hadithi ikakatika. Vipande vingine niliviachia makusudi ili tuanze upya. Ulikuwa unasema nina mikono ya siagi.

Tangu niolewe nimekuuliza la goti katika kila barua. Unanijibu msasa. Nakuuliza unakula nini, unanijibu namna ya kukata fremu. Nikaona basi, nikiacha modeli utakuwa huna la kuniandikia, na siku moja barua zitakatika zenyewe, bila ugomvi, kama zinavyokatika za watu wengine. Nimeogopa hilo, baba, ndiyo maana nikadanganya. Nakuomba radhi.

Maboksi mtumie yeye, anayapenda kwelikweli. Mimi niandikie chochote. Hata ukiandika kwamba leo imenyesha, nitaisoma barua yako mara mbili.

Mwanao


Tarehe 16 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Sijapata jibu. Labda barua imechelewa, labda umekasirika. Ukikasirika niandikie hasira zako, nitazipokea.

Kila jioni mume wangu ananiuliza kwa macho kama kuna kitu kimekuja, nami natikisa kichwa, na yeye anakwenda zake uani kwenye chupa zake. Amemaliza behewa la tatu. Amelifungia kabatini, anasema haoni vizuri kulituma kabla ya mimi kupata barua yangu.

Mwanao


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Sikukasirika. Nilikuwa naandika. Nimeandika na kuchana, na kila nilichochana kilianza na neno plastiki. Mara moja nilifika mstari wa nne bila kulitaja, nikafurahi, kumbe mstari wa tano niko kwenye msasa. Leo nimefanya hivi: nimeshika gurudumu la treni kwa mkono wa kushoto ili kichwa kiiname, na naandika kwa wa kulia. Naona inasaidia.

Goti ni baya. Nilianguka ngazini mwezi wa kwanza na sikukuambia. Yule jirani wa redio ndiye aliyenisikia, pamoja na kelele zote za redio yake, akanibeba mgongoni mpaka ndani. Toka siku hiyo anakuja kula kwangu kila jioni. Anasema anakuja kuniangalia, lakini naona anaangalia sufuria. Napika wali unaoshikana mpaka tunaukata kwa kisu, na yeye anakula na kuomba tena, kwa hiyo sijui nani kati yetu ana matatizo. Dawa ya goti nakunywa. Sasa umejibiwa, na unisamehe kwa zile nilizokuacha bila jibu.

Umeniambia jambo, na mimi nina langu. Mama yako alipotutoka ulinyamaza. Ulikuwa unakula nikikulisha, unalala nikikulaza, lakini neno hukutoa. Mimi sikujua niseme nini kwa mtoto. Nilikuwa najua kuwaambia watu "fungua, funga, uma hapa." Siku moja narudi kutoka karakana nikapita kwenye lile duka, dirishani kuna kigari cha plastiki, nikakinunua. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kugusa modeli maishani mwangu. Usiku nikaisoma ile karatasi ya maelekezo kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Kesho yake nikakupa ubane bawaba ya mlango, ukabana, na ukauliza, "Huyu dereva ana mke?" Ndiyo lilikuwa neno lako la kwanza. Ningekununulia duka zima. Basi kila ulipobana, nikadhani kitu unachokipenda ni kigari, na nikiacha vigari utanyamaza tena. Nikawa fundi kwa ajili hiyo. Siwezi kusema siipendi kazi hii sasa, nitakuwa mwongo, mikono imeizoea na roho pia. Lakini nimekaa hapa na gurudumu langu nikijicheka, maana mimi nakutumia maboksi usije ukanyamaza, na wewe unayaficha chini ya kitanda nisije nikanyamaza.

Majibu ya mumeo nimeyaandika kwenye karatasi ya peke yake. Usiisome, haikuhusu, ni ya mafundi. Nimemtumia na kondakta mpya niliyemchonga kutoka kwenye fremu, mwambie huyu hayeyushwi. Na mwambie nilimwandikia kwa ukali, na kwamba nilikosea. Nimemwandikia mwenyewe pia, lakini mambo kama haya yakipitia kwako yanafika vizuri zaidi.

Leo hapa imenyesha kidogo asubuhi.

Nikiwa natafuta la kukuandikia nimegundua kwamba sijawahi kukusimulia jinsi nilivyomjua mama yako. Ulipokuwa mdogo niliona haifai, ulipokuwa mkubwa niliona aibu. Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeanza kazi, nina koti jeupe jipya na kiburi kikubwa kuliko koti, na nilikuwa nimemtengenezea bibi yako meno ya juu. Nikayasifu mwenyewe. Kumbe kila bibi yako akitaka kusema "salama" au "samaki," meno yanapiga mluzi. Mtaani watoto wakaanza kumwitikia kwa mluzi. Mwishowe akagoma kutoka nje. Basi siku hiyo nimeinamia kazi, mlango ukafunguliwa mpaka ukagonga ukuta, akaingia msichana mrefu amebeba meno ya mama yake kwenye leso ya bluu, watu wamejaa kwenye benchi wanangoja zamu. Hakukaa kwenye foleni. Akaja mpaka mezani kwangu, akaifungua leso polepole, akayapanga yale meno mbele yangu yakinitazama, akashika kiuno, akavuta pumzi, na benchi zima likanyamaza kumsikiliza.

Nilidhani sina la kukuandikia. Nimefika ukingoni mwa karatasi, na mama yako hata mdomo bado hajaufungua.

Baba yako